Treni ya Umeme na Mwalimu wa Soga

(Maneno ya mhadhara kwa walimu na watumishi wa umma wa Kibaha na Kisarawe)



Wilaya za Kibaha na Kisarawe si ngeni kwa reli. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakavuka vilima vya Pugu, wakapita Soga na Ruvu, na kufikia mwaka 1907 gari la moshi lilikuwa limeingia Morogoro. Mwaka 1914 reli hiyo ilifika Kigoma. Mwaka 1963, nchi ikiwa imekwisha kujitawala, Ruvu iliunganishwa kwa reli na njia ya Tanga, na stesheni hiyo ndogo ikawa njia panda ya kaskazini na magharibi. Upande wa Kisarawe nao, reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 ilikata mashamba na misitu ikapita Mzenga kuelekea Zambia. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa katika wilaya hizi amekua akisikia honi ya treni. Alichokikosa kwa muda mrefu ni treni iliyokuja kwa ajili yake.

Jambo hilo lieleweke vizuri. Reli zote hizo zilijengwa kwa ajili ya safari ndefu. Mkoloni alizitaka pamba na karanga za bara zifike bandarini. Serikali ya Uhuru ilitaka shaba ya Zambia ipate mlango wa bahari ulio nje ya mikono ya makaburu, na hilo lilikuwa jambo la heshima kubwa. Lakini mwalimu wa Soga, karani wa Mlandizi na muuguzi wa Kisarawe hawakuwa katika hesabu za wachoraji wa ramani. Wao walikuwa watu wa kutazama mabehewa yakipita.

Historia ya treni za umeme nayo imeanza kwa safari ndefu, na hapo ndipo penye hoja ya mhadhara huu.

Jiwe la msingi la reli ya kisasa liliwekwa Pugu tarehe 12 Aprili 1917 ya karne iliyopita? La, ni tarehe 12 Aprili 2017, na yafaa mwaka huo utajwe kwa mkazo, maana kati ya reli ya kwanza na hii ya pili umepita muda wa karne moja na zaidi. Aliyeliweka ni Rais John Pombe Magufuli. Kazi ya kipande cha Dar es Salaam hadi Morogoro walipewa Yapi Merkezi wa Uturuki pamoja na Mota-Engil wa Ureno, na matarajio ya awali yalikuwa kwamba ingekamilika mwaka 2019. Haikuwa hivyo. Watu waliopanga maisha yao kwa kutegemea tarehe ile, wakiwamo walimu walionunua viwanja karibu na Soga, walingoja miaka mitano zaidi. Kusema hivyo si kubeza kazi iliyofanyika. Ni kuiweka historia mahali pake.

Vyombo vyenyewe viliagizwa Korea ya Kusini. Mwaka 2021 Shirika la Reli Tanzania liliingia mkataba na kiwanda cha Hyundai Rotem wa kutengeneza vichwa 17 vya umeme na seti 10 za treni, kila seti ikiwa na mabehewa 8. Mabehewa mengine ya kuvutwa na vichwa yalitoka Korea hiyo hiyo, na yale ya ghorofa, ambayo yalikwisha kutumika na kukarabatiwa, yalitoka Ujerumani. Vichwa vya umeme vilianza kuwasili mwishoni mwa mwaka 2023, na seti ya kwanza iliteremshwa bandarini Aprili 2024. Wananchi walipoiona pua yake iliyochongoka hawakungoja wataalamu wawape jina. Waliiita mchongoko, na hivi sasa jina hilo hutamkwa hata na wakubwa wa Shirika.

Safari za abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro zilianza tarehe 14 Juni 2024. Mwezi uliofuata treni zilifika Dodoma, na tarehe 1 Agosti 2024 Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua huduma hiyo rasmi. Mchongoko wenyewe ulianza kubeba abiria tarehe 1 Novemba 2024, kwa safari za Dar es Salaam na Dodoma. Seti moja huchukua abiria 589 na huweza kwenda mwendo wa kilomita 160 kwa saa. Basi zima la abiria sitini likiwekwa mara tisa halifikii seti hiyo moja.

Hapa yafaa kueleza kidogo namna chombo hicho kinavyofanya kazi, kwa kuwa hoja inayofuata inategemea jambo hilo. Treni ya kawaida ina kichwa kimoja kinachovuta mabehewa yasiyo na nguvu yoyote. Kichwa hicho, hata kikiwa cha umeme, hulazimika kuuondoa uzito wote kutoka mahali pamoja. Mchongoko hauna kichwa cha kuvuta. Mota zake zimegawanywa chini ya mabehewa, hivyo magurudumu mengi husukuma kwa pamoja, na treni huondoka stesheni kwa wepesi na kusimama kwa wepesi. Ina chumba cha dereva kila mwisho. Ikifika kituoni dereva huhamia upande wa pili na kurudi alikotoka, bila kichwa kuzungushwa. Umeme huupokea kwa mkono ulio juu ya paa unaogusa waya wenye nguvu ya volti 25,000. Duniani kote vyombo vya namna hiyo ndivyo vinavyotumiwa kuwapeleka watu kazini asubuhi na kuwarudisha jioni, kwa sababu ndivyo vinavyostahimili kusimama mara kwa mara.

Kwa maneno mengine, chombo kinachofaa zaidi kusimama Pugu, Soga na Ruvu ndicho kilichopewa kazi ya kuvipita vituo hivyo mbio kwenda Dodoma. Uamuzi huo una sababu zake. Dodoma ni makao makuu ya nchi, abiria wake ni wengi, na Shirika lenye madeni ya kulipa haliwezi kudharau nauli ya shilingi 31,000. Hata hivyo sababu nzuri ya leo isigeuke kuwa desturi ya miaka hamsini.

Suala la nauli halina budi kutazamwa kwa kalamu na karatasi. Viwango vilivyotangazwa mwaka 2024 kwa daraja la kawaida vilikuwa shilingi 1,000 kutoka Dar es Salaam hadi Pugu, shilingi 4,000 hadi Soga na shilingi 5,000 hadi Ruvu. Kwa msafiri wa mara moja kwa mwezi viwango hivyo havina ubaya. Lakini mtumishi anayekwenda na kurudi kila siku ya kazi, tuseme siku 22 kwa mwezi, atalipa shilingi 176,000 kwa Soga na shilingi 220,000 kwa Ruvu. Mei Mosi ya mwaka 2025 Serikali ilitangaza kwamba kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kitapanda kutoka shilingi 370,000 hadi shilingi 500,000 kuanzia Julai. Mtu wa kima hicho akipanda treni ya Soga kila siku atakuwa amelipa zaidi ya theluthi moja ya mshahara wake kabla hajanunua kibaba cha unga. Wa Ruvu atakuwa ameukaribia nusu. Wa Pugu atalipa shilingi 44,000, na huyo anaweza kupumua.

Kutokana na hesabu hiyo inaonekana wazi kwamba kwa Kisarawe mjini, ambako si mbali na stesheni ya Pugu, treni ya umeme inaweza kuwa chombo cha mfanyakazi leo hii endapo ratiba itamfaa. Kwa Kibaha vijijini haiwezi, mpaka pawe na tiketi ya mwezi ya mfanyakazi na ya mwanafunzi, yenye bei iliyo chini ya nauli ya siku. Tiketi ya namna hiyo si jambo geni. Ni kawaida katika reli za wafanyakazi ulimwenguni, na mantiki yake ni nyepesi: kiti kilicho kitupu kati ya Soga na Dar es Salaam hakimwingizii mtu yeyote senti.

Wako watakaosema kwamba treni za wafanyakazi zimekwisha kujaribiwa. Ni kweli. Tarehe 29 Oktoba 2012 Dar es Salaam ilipata treni za mjini, moja ya Ubungo Maziwa kwenda Stesheni na nyingine ya TAZARA kwenda Mwakanga, ambazo watu waliziita treni ya Mwakyembe kwa jina la Waziri wa Uchukuzi wa wakati ule. Mwaka 2016 huduma ya namna hiyo ilielekezwa Pugu pia. Vichwa vilikuwa vya dizeli na mabehewa yalikuwa yamekwisha kufanya kazi nyingine kwa miaka mingi. Nani alipanda? Walipanda wafanyakazi, wanafunzi, akina mama wa sokoni, na walisimama kwa kubanana. Jaribio hilo lilithibitisha jambo moja lisilohitaji utafiti mwingine, nalo ni kwamba abiria wapo. Kilichopungua kilikuwa vyombo.

Afrika inayo mifano miwili ya kutosha kuwafanya watu wakeshe wakifikiri.

Wa kwanza ni wa Afrika ya Kusini. Nchi hiyo ina treni za umeme za namna mbili katika eneo moja la Johannesburg na Pretoria. Iko Gautrain, iliyofunguliwa Juni 2010 siku chache kabla ya Kombe la Dunia, inayokwenda kilomita 160 kwa saa kama mchongoko, safi, yenye ulinzi na yenye mabasi yake ya kuwaleta abiria stesheni. Nauli yake ni ya watu wenye nafasi. Na iko Metrorail, ambayo kwa miaka mingi ilitegemea treni za umeme zilizoanza kutengenezwa miaka ya 1950, na ambayo ndiyo iliyowabeba wafanyakazi kutoka vitongoji walikosukumwa na makaburu. Mwaka 2020, wakati shughuli zilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona na mikataba ya ulinzi ilipokuwa imevurugika, wezi walizivua nyaya za shaba kwa mamia ya kilomita na kuzibomoa stesheni hadi mabati na milango. Gautrain ilirudi kazini mara vizuizi vilipolegezwa. Mfanyakazi wa Metrorail alibaki barabarani akilipia teksi, na katika sehemu kadhaa alingoja kwa miaka. Serikali ile ilikuwa imekwisha kuagiza treni mpya 600 tangu mwaka 2013, lakini treni mpya haiendi kwenye waya ulioibiwa.

Wa pili ni wa Ethiopia. Septemba 2015 Addis Ababa ilifungua reli nyepesi ya umeme yenye urefu wa kilomita 34 na treni 41, na Afrika nzima ilishangilia. Nauli iliwekwa chini mno, jambo jema kwa mlaji, ila fedha za kigeni za kununulia vipuri hazikupatikana ipasavyo. Miaka ilivyokwenda treni nyingi zaidi zilisimamishwa karakanani, na nyingine zikawa ghala la vipuri vya zile zilizobaki. Hapo tatizo halikuwa wezi. Lilikuwa bei isiyolipa matengenezo na mtu wa kuilipa tofauti hiyo kutopatikana kwa wakati.

Kwa hiyo anayedai nauli ya chini kwa ajili ya mwalimu wa Soga analazimika pia kusema pengo litazibwa na nani. Jibu la haki ni kwamba lizibwe na Serikali kwa fungu linaloonekana katika bajeti, kama inavyofanya kwa barabara. Hakuna anayeuliza faida ya upanuzi wa barabara ya Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2 za lami pana, kwa kuhesabu senti zinazokusanywa juu yake. Barabara hiyo imepunguza msongamano na hakuna mwenye haki ya kuilalamikia. Lakini ni ajabu kidogo kwamba lami hujengwa kwa kodi bila maswali, na reli huambiwa ijilipie.

Upande wa umeme wenyewe, mwanzo haukukosa misukosuko. Mwishoni mwa Julai 2024 treni ilisimama kwa muda porini, mbele ya Morogoro, na maelezo ya Shirika yalitaja wanyama, wakiwamo ngedere na bundi, kwamba waligusa njia ya umeme. Mitaani watu walicheka sana. Wangecheka kidogo kama wangejua kwamba hata katika reli za Ulaya ndege na wanyama husababisha hitilafu za namna hiyo, na kwamba dawa yake ni vizuizi katika nguzo na kufyekwa kwa matawi kando ya njia. Jambo kubwa zaidi lilikuwa la Oktoba 2025, mchongoko ulipopata ajali katika stesheni ya Ruvu. Kwa watu wa Kibaha hilo halikuwa habari ya redioni. Lilitokea mlangoni kwao. Treni yenye umri wa mwaka mmoja kazini ilionyesha kwamba chombo kipya, reli mpya na waya mpya haviondoi haja ya binadamu aliye macho katika kila zamu.

Kuhusu nguvu ya kuziendesha, hali imekuwa bora. Bwawa la Julius Nyerere mtoni Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, mitambo yake yote tisa ilikamilika mwaka 2025, na umeme wake hupelekwa Chalinze, ndani ya Mkoa huu wa Pwani. Taifa linaloagiza dizeli kwa fedha za kigeni lina kila sababu ya kuwasafirisha wafanyakazi wake kwa maji ya mto wake.

Kizuizi kigumu kuliko umeme ni njia yenyewe. Kwa sehemu kubwa kati ya Dar es Salaam na Morogoro reli ya kisasa ni ya njia moja, yenye michepuko ya kupishania. Kila treni inayosimama Soga kupakia walimu ni treni ambayo ile ya Dodoma huenda ikailazimu kuingia mchepukoni. Tena tangu tarehe 31 Julai 2025, ulipofanyika Kwala uzinduzi wa bandari kavu pamoja na usafirishaji wa mizigo kwa reli hiyo, mabehewa ya makontena nayo yanadai nafasi yake. Mpangaji wa ratiba ana kazi ngumu. Akiachwa peke yake ataipa nafasi mizigo, kisha safari ndefu, na mfanyakazi atapewa saa zitakazobaki, saa nne asubuhi kwa mfano, wakati kengele ya shule ilikwisha kulia zamani. Ndiyo sababu suala la ratiba haliwezi kuachwa liwe la mafundi peke yao.

Pia iko tofauti kati ya wilaya hizi mbili ambayo wanasiasa hupenda kuisahau. Mji wa Kibaha uko kando ya Barabara ya Morogoro, na reli inapita kusini yake. Mkazi wa Maili Moja hapati faida kwa treni kusimama Soga kama hakuna basi la uhakika la kumfikisha huko. Kisarawe nayo ni ndefu. Mwalimu aliyepangiwa Maneromango au Mzenga hatasaidiwa na stesheni ya Pugu. Wa Mzenga anaitazama TAZARA, na barabara itokayo Mlandizi ikikata reli ya kisasa kuelekea kwake ndiyo ingemuunganisha na pande zote mbili. Walimu huomba uhamisho kutoka shule hizo si kwa uvivu. Huomba kwa kuwa mume yuko Ukonga, watoto wako Gongo la Mboto, na pikipiki ya asubuhi na ya jioni humaliza mshahara kabla ya tarehe ishirini. Shule inayobadilisha mwalimu wa hesabu kila mwaka huonekana katika matokeo, na watoto ndio wanaolipa nauli hiyo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikuwapo mwalimu mmoja Pugu ambaye kazi ya darasani ilikuwa kilimani na kazi ya siasa ilikuwa mjini, umbali wa kilomita ishirini hivi. Mwaka 1955 Mwalimu Nyerere alilazimika kuchagua moja, akauacha ualimu. Nchi ilipata faida kwa uchaguzi ule. Lakini walimu wa leo hawaachi kazi ili waikomboe nchi. Wanaiacha kwa kushindwa kufika.

Kwa sababu hiyo iko kazi ambayo haihitaji kungoja Dodoma wala Korea. Shirika la Reli haliwezi kupanga treni ya asubuhi kwa abiria lisiowajua idadi. Wakuu wa shule na wakuu wa idara katika Halmashauri za Kibaha na Kisarawe wanaweza kuhesabu ni watumishi wangapi wanalala upande wa Dar es Salaam na kufanya kazi upande huu, ni wangapi wanakwenda kinyume chake, wanahitaji kufika saa ngapi, na hivi sasa wanatumia shilingi ngapi kwa mwezi. Daftari na kalamu vinatosha. Hesabu ianzie shule na zahanati zilizo umbali wa kutembea kwa miguu kutoka stesheni za Soga na Ruvu, ifuate Kisarawe mjini kwa upande wa Pugu, kisha ipelekwe mezani kwa wapanga ratiba ikiwa na idadi kamili, kabla muhula huu haujafungwa.